Koko wa Wengine Wako Kwenye Simu. Wa Kwetu Je?



Juma hili napenda tuongee juu ya kitu ambacho watoto wetu hukitazama kila siku kwenye simu, nasi tunapita bila kukijali: filamu fupi za upishi. Sisemi zile za keki za harusi zenye ghorofa tatu, wala za vyakula ambavyo viungo vyake huvipati hata ukizunguka soko lote la Kadutu. Nasema zile ambazo mtu anachukua maelezo ya upishi ya zamani, ya miaka 80, ya miaka 150, hata ya maelfu ya miaka, kisha anakipika chakula kile upya na kueleza ni nani waliokuwa wanakila na kwa sababu gani.

Mimi nilizijua kupitia binti yangu wa pili, anayesoma sekondari. Alikuwa anatafuta mazoezi ya Kiingereza, akakutana na mwanamke mzee sana anayepika viazi. Akaniita: "Mama, kuja uone, huyu anapika kama Koko." Tangu siku ile, jioni umeme ukiwapo na mega zikiwa zimebaki kidogo, tunakaa wanne kwenye simu moja na kutazama. Tumejifunza mengi. Lakini swali kubwa kuliko yote lilitoka kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kushika simu ya kioo, nami nitafika huko.

Kwanza niwaeleze tuliyoyaona.

Yule mzee wa viazi aliitwa Clara Cannucciari. Alizaliwa mwaka 1915 huko Marekani, katika familia ya Kiitalia iliyokuwa imehamia karibu na Chicago. Alipokuwa msichana, uchumi wa Marekani ulianguka. Hiyo ilikuwa miaka ya 1930, watu wengi wakakosa kazi na wengine wakapiga foleni ya mkate. Clara anasimulia kwamba aliacha shule kwa sababu nyumbani hapakuwa na pesa ya kumnunulia soksi. Mwaka 2007, akiwa amepita miaka 90, mjukuu wake Christopher alianza kumpiga filamu jikoni kwake akipika vile vyakula vya njaa: makaroni na njegere, viazi vya kukaanga na kitunguu na soseji kidogo, chakula alichokiita cha maskini. Huku anamenya, anasimulia. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 98, na watu wa nchi nyingi ambao hawakumjua wanaendelea kumsikiliza.

Kilichonigusa si viazi. Viazi tunavijua. Ni kwamba mama huyu haoni haya ya umaskini wake. Anasema tulikula hivi, tulipona, na wewe ukibanwa unaweza kufanya hivi. Ni mama gani kati yetu ambaye hajawahi kugeuza kidogo kikatosha watu wanane? Ila sisi siku hizo tunazificha. Tukipata nyama tunasimulia, tukila lenga-lenga bila mafuta tunafunga mlango.

Wa pili ni mpishi wa Uingereza, Avis Crocombe. Huyu alikuwa mtumishi. Katika miaka ya 1880 alipika katika jumba kubwa la Audley End, kwa familia ya bwana mkubwa aliyeitwa Lord Braybrooke. Kwa kawaida wapishi wa namna hiyo hawakumbukwi: bwana ana picha yake ukutani, mpishi hana hata jina. Lakini Avis alikuwa na daftari. Aliandika kwa mkono wake namna ya kupika vyakula vyake, na daftari hilo likabaki katika ukoo. Mwaka 2009 lilifika mikononi mwa shirika linalotunza jumba lile. Leo mwanamke mwigizaji anavaa aproni kama yake, anaingia katika jiko lilelile, na kupika kutoka katika daftari lile. Watu wengi wanaotazama hawajui bwana wa nyumba alikuwa nani. Mpishi wanamjua.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikidhani methali hiyo ni ya wafanyabiashara tu.

Wa tatu ni kijana wa Marekani, Max Miller, aliyeanza filamu zake mwaka 2020. Huyu ana tabia nzuri: kabla ya kuwasha moto, anasoma maneno ya zamani jinsi yalivyoandikwa, kisha anasema yeye atabadilisha nini na kwa sababu gani. Siku moja alipika mchuzi wa nyama kutoka Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki. Maelezo yake yaliandikwa kwenye kibao cha udongo karibu miaka 3,700 iliyopita, na vibao hivyo viko katika chuo kikuu cha Yale huko Marekani. Ni kati ya maelezo ya upishi ya zamani kuliko yote yanayojulikana duniani. Na mnajua yameandikwaje? Nyama. Maji. Mafuta. Chumvi. Kitunguu. Hakuna vijiko vingapi wala dakika ngapi. Wataalamu wanabishana mpaka leo juu ya maana ya baadhi ya maneno, kwa sababu mwandishi alimwandikia mtu ambaye tayari alikuwa anajua kupika.

Tulicheka sana, maana ndivyo mama zetu walivyotufundisha. "Tia chumvi kiasi." Kiasi gani? "Kiasi." Ukisimama kando yake unaona mkono wake, unaelewa. Lakini siku mkono ule ukiondoka, linabaki neno tupu, kama lile la Babeli.

Baada ya kuona hayo, nilitafuta ya kwetu. Niliyoyapata yalikuwa mengi: sombe, pondu, bugali, samaki wa kila namna, muziki wa nguvu nyuma yake. Mengine ni mazuri. Lakini katika niliyoyatazama, wachache walisema chakula hiki walijifunza kwa nani, kilipikwa hivi tangu lini, na hatua hii ni ya nini.

Hapo ndipo nafika kwa Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Amepita miaka 80 na alilelewa upande wa Walungu. Macho yake yanafifia, lakini mikono yake bado inajua kazi. Jumapili moja alikuwa kwetu, binti yangu akamwonyesha filamu ya bugali wa muhogo. Muhogo unachimbwa, unamenywa, unakatwa, unaanikwa, unakuwa unga, bugali unaiva. Dakika tatu, na wimbo mzuri. Mama Mkubwa alisogeza simu karibu na uso wake, akatazama mpaka mwisho, akauliza:

"Na maji? Waliutia majini siku ngapi?"

Binti yangu akamjibu kwa heshima: "Koko, labda wameikata sehemu hiyo ili filamu isiwe ndefu."

Mama Mkubwa akasema: "Walichokata ndicho chakula chenyewe."

Wamama, huyu mzee hakusoma kemia, lakini alikuwa amesema jambo ambalo watafiti wameliandika kuhusu nchi yetu hii. Muhogo mchungu una sumu ndani yake, ya jamii ya sayanidi. Kuuloweka siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha kuuanika vizuri juani, ndiko kunakoiondoa sumu hiyo. Pasipo kufanya hivyo, na pasipo maharage, samaki au nyama ya kuusaidia mwili, watu wanaoula siku baada ya siku wanaweza kupata ugonjwa unaoitwa konzo. Miguu inakakamaa ghafla, mtu hawezi tena kutembea sawasawa, na haiponi. Unawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Daktari Trolli aliandika juu yake mwaka 1938, kutoka Kwango, na jina lenyewe konzo ni la lugha ya Wayaka, likimaanisha miguu iliyofungwa.

Jambo lililonishtua ni hili. Mwaka 1992 watafiti waliokuwa wamefanya kazi upande wa Bandundu walieleza ni kwa nini konzo iliongezeka katika vijiji fulani. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilikuwa imejengwa. Wafanyabiashara walifika kununua muhogo kwa wingi, na wamama, wakitaka kuuza haraka, walipunguza siku za kuloweka. Wamama wale walikuwa wanajua njia ya zamani, tena waliijua vizuri. Hatua moja tu ilikatwa ili kazi iende mbio. Kama katika ile filamu ya dakika tatu.

Na majani ya muhogo ni hivyohivyo. Sombe tunaitwanga na kuichemsha muda mrefu, na kutwanga kule si kwa ajili ya ulaini peke yake. Kutwanga na kuchemsha ndiko kunakotoa sumu ya majani. Mama zetu hawakutuambia neno sumu. Walituambia tu, "sombe haiharakishwi."

Ndiyo sababu nasema filamu hizi za vyakula vya zamani si mchezo wa watoto. Chakula cha zamani kina hatua, na kila hatua ina sababu. Anayeijua hatua bila sababu ataikata siku akibanwa na wakati, na anayejua vyote viwili hataigusa.

Jioni ile hatukutazama tena simu. Tulimgeukia Mama Mkubwa na kumuuliza yeye. Na hapo tulijifunza jambo lingine: kwamba "chakula cha zamani" si lazima kiwe kile tunachodhani.

Binti yangu alimuuliza: "Koko, ulipokuwa mdogo mlikuwa mnakaanga sambaza namna gani?" Mama Mkubwa akacheka. "Sambaza gani? Nilipokuwa msichana mdogo, ziwa letu halikuwa na sambaza."

Nilitaka kubisha, maana kwangu mimi Bukavu bila sambaza si Bukavu. Lakini ni kweli kabisa. Samaki wale walitolewa katika ziwa Tanganyika na kutiwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndio ndugu wa ndakala wa Uvira. Kwa hiyo mwenye miaka 80 leo alizaliwa kabla yao. Na muhogo wenyewe? Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16, ukapanda polepole mpaka kwetu. Mahindi ni wageni kutoka Amerika vilevile, na maharage yetu haya, na pilipili. Babu wa mababu zetu walikula mtama, ulezi, ndizi, viazi vikuu, na majani tunayoyaita leo ya mwituni.

Mama Mkubwa anaukumbuka bugali wa mtama na wa ulezi uliosagwa kwenye jiwe. Anakumbuka mashanza na chombo kilichotengwa kwa maziwa tu, ambacho hakikuoshwa ovyo wala kutiwa kitu kingine. Alipoanza kueleza, binti zangu waliacha simu mezani bila kuambiwa.

Basi tukakubaliana nyumbani: kama mjukuu wa Clara aliweza, nasi tunaweza. Tulichukua Jumamosi tatu. Nitawaeleza tulivyofanya, ili anayependa ajaribu.

Kwanza tulimwomba ruhusa. Mama Mkubwa alikubali kwa sharti moja: "Mikono yangu mchukue, uso wangu muache. Sitaki watu wa mbali wanicheke." Tuliliheshimu neno hilo. Filamu zake hazikuwekwa kwenye mtandao. Ziko katika kadi ya simu yangu na katika simu ya kaka yangu, ili moja ikiibwa nyingine ibaki. Si kila kitu cha familia ni lazima kitupwe barabarani, na mzee asiyetaka asilazimishwe kwa ajili ya kutazamwa na watu.

Pili, tulipima "kiasi" chake. Yeye anatia kwa mkono, binti yangu anasema, "Koko, ngoja," anakipokea kilicho mkononi na kukipima kwa kijiko au kwa kopo la Guigoz kabla hakijaingia sufuriani. Mwanzoni alikasirika kidogo. Baadaye alianza kufurahi, akishangaa kwamba mkono wake unatoa kipimo kilekile kila mara.

Tatu, tuliuliza sababu. Kwa nini siku nne, si mbili? Unajuaje kwamba muhogo umekuwa tayari? Alitwaa mmoja uliolowekwa, akaubonyeza kwa kidole gumba. Ukipasuka bila kukataa na ule uzi wa katikati ukatoka wenyewe, tayari. Ukiwa bado na moyo mgumu, urudishe majini. Akaongeza kwamba wakati wa baridi siku zinazidi. Hayo yote yameingia kwenye filamu, na sauti yake inasikika vizuri kwa sababu tulizima redio na kuwaomba watoto wa jirani wacheze mbali kidogo.

Nne, tuliandika. Filamu inaweza kupotea, kadi inaweza kuharibika. Tulinunua daftari moja gumu, na kila chakula kina ukurasa wake: jina kwa Kiswahili na kwa Mashi, vitu vinavyohitajika, hatua moja moja, sababu ya kila hatua, na nani alimfundisha Mama Mkubwa. Kwenye ukurasa wa muhogo, binti yangu ameandika kwa wino mwekundu: siku tatu au nne, usikate.

Mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza swali la haki. Alisema, "Dada, sisi tunatafuta cha kula leo, wewe unatuletea cha jana?" Nilimjibu kwamba muhogo tunaula leo. Sombe tunaila leo. Na siku pesa zinapokosekana, muhogo ndio unaobaki chunguni peke yake, na haraka ndiyo inayoingia jikoni. Hatari ya kukata hatua iko katika siku hizo za shida, si katika siku za sherehe. Pia binti zetu wengi watapika mbali nasi. Wataolewa miji mingine, watakuwa kazini, watajifunza kwa simu kuliko kwa mama. Ikiwa simu ndiyo itakayowafundisha, afadhali ndani yake iwemo pia mikono ya koko wao.

Kwa wale wanaotaka kutazama filamu hizi na watoto, nina mawaidha machache. Ukitafuta kwa Kifaransa, andika maneno kama "recette ancienne" au "cuisine historique". Punguza ubora wa picha, mega zitadumu. Nyingi ni za Kiingereza, lakini mara nyingi unaweza kuwasha maandishi chini ya picha, na mara nyingine kuyageuza yawe Kifaransa. Tazameni pamoja, mtoto anayejua lugha awatafsirie wengine. Hayo nayo ni masomo. Na kabla ya kuiamini filamu yoyote ya chakula cha zamani, iulize mambo matatu: mpishi anasema maelezo yametoka wapi? Anasema amebadilisha nini? Anasema kila hatua ni ya nini? Akinyamaza kwa yote matatu, furahia picha, lakini usipike kutoka kwake chakula chenye sumu ndani.

Sasa nina ombi. Katika mkutano wetu ujao, kabla ya kutoa likelemba, kila mama alete chakula kimoja kwenye karatasi. Kisiwe chakula chake mwenyewe. Kiwe cha mzee aliye hai katika familia yake au kartiye yake, mwanamke au mwanamume. Amwulize: Ulikuwa unakula nini ukiwa mtoto? Nani alikufundisha kukipika? Kiasi chako ni kiasi gani? Hatua gani haikatwi, na kwa nini? Ulikula nini mwaka wa njaa?

Swali hilo la mwisho msiliogope. Wazee hulijibu polepole, na wengine hunyamaza kwanza. Mama Mkubwa alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kutaja majani moja baada ya jingine, yapi ya kuchemsha mara mbili na kumwaga maji, yapi ya kumpa mtoto, yapi ya kuacha kabisa hata ukiwa na njaa. Yalifika kumi na moja. Mimi nilikuwa nikiyajua manne.

Mama mwenzenu, Bukavu.